Baba wa ndama huyu ni nani? Mwongozo wa kusafisha nasaba za ng'ombe wa nyama kabla ya tathmini

Swali linalonifikia kuliko yote huja hivi: "Nimepima ndama wangu miaka minne, rekodi zimefanyiwa tathmini ya kijenetiki, na dume ninayemwamini ametoka wa kawaida. Kompyuta imekosea?" Mara nyingi kompyuta haijakosea. Imepiga hesabu sahihi juu ya majina yasiyo sahihi. Ndama wa dume mmoja ameandikwa kwa dume mwingine, ndama mwingine kapewa mama asiye wake, hereni iliyodondoka imerudishwa kwenye sikio jingine, na yote hayo yameingia kwenye hesabu kama ukweli.

Mwongozo huu ni wa mfugaji au msimamizi wa ranchi anayeanza. Mifano yangu ni ya Boran, kwa sababu ndio ninaowashika kila siku, na kwa sababu Boran wa Kenya wameandikwa kwa muda mrefu: chama cha wafugaji wake kilianzishwa 1951. Hatua ni zilezile ukiwa na Sahiwal, Mpwapwa, Angus au machotara.

NADHARIA, KIDOGO TU

Thamani ya kijenetiki ya dume ni makadirio ya kile alichobeba kwenye mbegu zake, juu au chini ya wastani wa kundi. Nusu yake humfikia ndama. Hesabu inayotumika karibu kote duniani, BLUP, ni kazi ya Charles Henderson wa Marekani, na nguvu yake iko kwenye ukoo. Uzito wa ndama mmoja hutumika kumpima baba yake, mama yake, babu na bibi zake, na ndugu zake wote wa kambo. Kwa hiyo jina moja la uongo haliishii kwa mnyama mmoja. Linapanda juu kwa wazazi na kushuka chini kwa wajukuu.

Tazama kwa karibu. Dume wa 114 kwa kweli amebeba kilo 20 juu ya wastani katika uzito wa kuachishwa kunyonya, kwa hiyo ndama wake wanazidi wastani kwa kilo 10. Dume wa 207 yuko kilo 10 chini, na ndama wake wako kilo 5 chini. Kila mmoja ana ndama 20. Tofauti ya kweli kati ya makundi mawili ni kilo 15. Sasa ndama 4 wa kila upande wameandikwa upande wa pili. Wanaoitwa watoto wa 114 ni 16 wake na 4 wa mwenzake, na wastani wao unashuka hadi kilo 7 juu. Wanaoitwa watoto wa 207 wanapanda hadi kilo 2 tu chini. Tofauti imebaki kilo 9. Umekosea ndama mmoja kati ya watano, umepoteza asilimia 40 ya tofauti uliyokuwa unaitafuta miaka yote hiyo. Dume mzuri kaibiwa, dume dhaifu kapambwa.

Kuna hasara ya pili ambayo haionekani kwa macho. Kompyuta huhitaji kujua sifa fulani inarithiwa kwa kiasi gani, na kiwango hicho cha urithi hupatikana kwa kuangalia jinsi ndugu wanavyofanana. Ndama wawili walioandikwa kuwa watoto wa baba mmoja ni ndugu kweli iwapo wote wawili wameandikwa sawa. Makosa yakiwa asilimia 10, jozi zilizo sahihi ni 0.9 mara 0.9, yaani asilimia 81. Kiwango cha kweli kikiwa 0.40, wewe utaona kama 0.32. Makosa yakifika asilimia 20 utaona kama 0.26, na utaanza kuamini kwamba uzito haurithiwi sana, kwamba kila kitu ni malisho.

Asilimia 10 si namba ya kutishia watu. Tafiti za ng'ombe wa maziwa Uingereza na Israeli, ambako karibu kila mimba hutokana na uhimilishaji, yaani mbegu za dume zilizowekwa kwenye mrija wenye maandishi, zilikuta takribani mnyama mmoja kati ya kumi ana baba wa karatasi asiye baba yake. Ranchi inayoachia madume watatu kwenye kundi moja haiwezi kujidhania kuwa bora zaidi.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Daftari la zizini lenye jalada gumu, na kalamu za risasi. Wino huyeyuka mvua ikinyesha.
Hereni mbili kwa kila mnyama, na koleo lake.
Mizani, au mkanda wa kupimia kama mizani haipo (lakini usichanganye vyote viwili kwenye rika moja la ndama).
Bahasha za karatasi za kuwekea sampuli za nywele. Za karatasi, si mifuko ya nailoni.
Jedwali la kompyuta, hata lililo rahisi.
Orodha ya madume wote waliowahi kutumika, pamoja na waliokufa na waliouzwa.
Mtu wa pili atakayekusomea namba kwa sauti. Hiki ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachookoa zaidi.

HATUA

1. Mpe kila mnyama namba moja ya maisha

Tumia mwaka wa kuzaliwa na namba ya mfululizo, kwa mfano 24-017. Namba ya ng'ombe aliyekufa isitumike tena kamwe. Nimeona daftari ambalo "dume 12" alikuwa madume watatu tofauti ndani ya miaka kumi na mitano, na kompyuta ikawafanya kuwa dume mmoja mwenye ndama wengi ajabu.

Weka hereni sikio zote mbili. Moja ikidondoka kwenye miiba au josho, ya pili inakuambia ni nani. Zikidondoka zote, mnyama anakuwa hajulikani mpaka apimwe. Asipewe namba kwa kukadiria sura. Chapa ya moto kwenye paja hubaki, na kwa madume na majike wa kuzalisha ninaishauri.

Kwa Tanzania, utambuzi wa mifugo una sheria yake tangu 2010, na wengi mna hereni za serikali. Andika namba ile kwenye safu yake, kando ya namba ya ranchi. Isichukue nafasi ya namba yako ya maisha, kwa sababu nayo inaweza kudondoka na kubadilishwa.

2. Panga upandishaji ili baba ajulikane

Dume mmoja, kundi moja la majike, uzio mmoja. Andika tarehe ya dume kuingia na ya kutoka, na orodha ya majike waliokuwa ndani siku hiyo, wahesabiwe, isiwe "kundi la bondeni".

Ukibadilisha madume, wape majike angalau siku 21, mzunguko mmoja wa joto, bila dume yeyote. Ukimtoa mmoja asubuhi na kuingiza mwingine jioni, ndama wa wiki kadhaa watakuwa na baba wawili wanaowezekana.

Watenge ndama dume mara wanapoachishwa kunyonya. Wengi hudhani mtoto wa miezi kumi hawezi. Wengine wanaweza, na mitamba waliopandwa na ndugu zao hutoa ndama ambao hakuna mtu anayemshuku baba yao.

Kama huna budi kuweka madume zaidi ya mmoja, basi: (a) wasiwe baba na mwana wala ndugu wa tumbo moja, kwa sababu kipimo cha DNA hupata shida kuwatenganisha, (b) chukua nywele za wote kabla hawajaingia, (c) kwenye daftari andika majina yote, "114 au 207 au 219". Usiandike jina la dume mkali anayewafukuza wenzake. Mkali si lazima ndiye mwenye ndama wengi.

3. Kwenye uhimilishaji, soma mrija

Mrija wa mbegu una maandishi: namba ya dume, mbari, kituo. Iwe umetoka kituo cha Kabete (Kenya) au cha Usa River (Tanzania) au nje ya nchi, soma maandishi hayo baada ya kuutoa kwenye mtungi wa naitrojeni na kabla ya kuuingiza kwenye bunduki ya kuhimilishia. Usiandike kutoka kichwani, wala kutoka kwenye oda uliyoagiza. Mhimilishaji anaweza kuwa amechota kikombe cha jirani.

Baada ya kumaliza, bandika mrija mtupu kwa gundi ya karatasi kwenye ukurasa wa jike huyo. Ni uchafu mdogo kwenye daftari, lakini miaka mitatu baadaye ndio shahidi pekee uliye naye.

Ukitaka dume wa kufuatia uhimilishaji, subiri siku 14 au zaidi kabla ya kumwingiza. Sababu ni tarehe. Tuseme umehimilisha tarehe 3 Machi. Boran hubeba mimba takribani siku 285, kwa hiyo ndama wa mrija anatarajiwa karibu na 13 Desemba. Jike asiyeshika hurudi joto karibu na 24 Machi, anapandwa na dume, na ndama wake anatarajiwa mwanzoni mwa Januari. Aliyezaliwa 10 Desemba ni wa mrija. Aliyezaliwa 5 Januari ni wa dume. Lakini aliyezaliwa 23 Desemba ana siku 295 akiwa wa mrija, au 274 akiwa wa dume, na zote mbili hutokea. Huyo acha wazi, mchukue nywele.

4. Siku ya kuzaliwa: mwone mama kwa macho

Hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naandika mama wa ndama jioni, kwa kukumbuka. Usiku mmoja majike wawili walizaa chini ya mgunga mmoja. Asubuhi nilikuta jike mkubwa, mzoefu, akiwanyonyesha ndama wote wawili, huku akiwalamba kwa zamu. Niliandika "pacha". Mtamba aliyesimama hatua thelathini kutoka pale, kondo likining'inia nyuma yake, nilimwona, na nikaandika kwamba ametupa mimba. Miaka miwili baadaye kipimo kilionyesha mmoja wa wale "pacha" ni wake. Alikuwa ameshauzwa kwa nyama kama jike asiyefaa.

Kwa hiyo: zungukia majike wanaokaribia kuzaa asubuhi na jioni. Vaa ndama hereni ndani ya saa 24. Andika vitu vinne papo hapo: namba ya ndama, namba ya mama, tarehe, na ulivyojua ("nilimwona akilambwa", "alikuwa ananyonya", "nimekisia"). Safu hiyo ya nne hutaikuta kwenye fomu nyingi, nami naing'ang'ania. Tarehe utakayokuja kutafuta makosa, utaanza na zile za "nimekisia".

Mama wa uongo ana madhara yake mwenyewe. Uzito wa kuachishwa kunyonya hutokana na mbegu alizopewa ndama na pia maziwa aliyonyonya. Ukimkosea mama, sifa ya maziwa inakwenda kwa jike asiyestahili, na binti zake wanabakizwa kundini kwa sababu hiyo.

Kwa waliohamishiwa kiinitete, andika mama wawili: aliyetoa yai na aliyebeba. Wa nasaba ni aliyetoa yai, lakini maziwa ni ya aliyebeba.

5. Hamishia kwenye kompyuta mkiwa wawili

Mmoja anasoma daftari, mwingine anaandika, kisha mnabadilishana: aliyeandika anasoma skrini, mwenzake anafuata kwenye daftari kwa kidole. Makosa ya 17 kuwa 71, au 6 kuwa 9 kwenye hereni iliyopinduka, hukamatwa hapa. Fanya kila wiki. Ukisubiri mwisho wa mwaka utakuwa umesahau, na utaanza kukisia.

6. Piga msasa rekodi za zamani kwa mantiki

Kabla ya kutumia shilingi moja maabara, panga jedwali na utafute yasiyowezekana:

- Mzazi aliyezaliwa baada ya mtoto wake. Yapo, katika karibu kila daftari nililofungua.
- Jike mwenye ndama wawili ndani ya siku chini ya 300, wasio mapacha.
- Mimba chini ya siku 270 au zaidi ya 300 kutoka tarehe ya kupandishwa. Si lazima iwe kosa, lakini shuku.
- Jike aliyezaa akiwa na umri wa chini ya miaka miwili. Kwa Boran wa malisho hilo ni adimu.
- Dume aliyekufa au kuuzwa zaidi ya siku 300 kabla ya ndama kuzaliwa, na hakukuwa na mrija wake.
- Mnyama anayetokea kama baba katika safu moja na kama mama katika nyingine.
- Ndama asiye na pembe kwa asili wakati baba na mama wote wana pembe. Kutokuwa na pembe ndiko kunakotawala, kwa hiyo wenye pembe wawili hawapati ndama kipara. Vivyo hivyo Angus wekundu wawili hawazai mweusi.

Angalia pia tarehe za kuzaliwa, maana tarehe mbovu huharibu kama baba mbovu. Uzito hurekebishwa ufike umri mmoja, kwa kawaida siku 205: toa uzito wa kuzaliwa kwenye uzito wa sasa, gawanya kwa siku za umri, zidisha kwa 205, kisha rudisha uzito wa kuzaliwa. Ndama wa kilo 180, aliyezaliwa na kilo 28, akiwa na siku 230, anapata takribani kilo 163. Mtu akiandika tarehe ya kuzaliwa mwezi mmoja baadaye, siku zinakuwa 200 na ndama yuleyule anapata kilo 184. Kilo 20 zimetoka hewani, na baba yake amesifiwa kwa ajili ya kalenda.

7. Chukua nywele

Simamisha mnyama kwenye kibanio, wengine huita krashi. Shika fungu dogo la nywele za mwisho wa mkia, futa kinyesi na matope, zungushia kidole na uvute kwa nguvu mara moja. Unahitaji nywele 20 hadi 30 zenye mizizi, kile kinundu cheupe mwishoni. Nywele iliyokatwa kwa mkasi haina kazi. Ziweke kwenye bahasha kavu, andika namba ya maisha kabla hujafungua kibanio, nawa mikono au badili glavu, kisha mwite anayefuata. Bahasha zihifadhiwe pakavu, kivulini. Ukivuta nywele za wanyama kumi halafu uandike bahasha kumi, umetengeneza makosa mapya kumi kwa bei ya maabara.

Fedha ikiwa kidogo, fuata mpangilio huu: madume wote wanaotumika sasa, madume wa zamani waliobaki na mrija hata mmoja, kwa kuwa mbegu hupimika, ndama dume unaotaka kuwauza kama mbegu, ndama wenye baba zaidi ya mmoja anayewezekana, mwisho, majike. Dume kwanza kwa sababu kosa juu yake huenda kwa ndama mamia.

TAHADHARI KUBWA: usiwapime ndama waliokuangusha peke yao. Nimeona mfugaji akichukua ndama wadogo wa dume anayempenda, akawapima, akawaondoa walioonekana si wake, na akabaki amefurahi. Waliokuwa wakubwa hakuwagusa, ingawa na wao walikuwemo wasio wake. Dume yule alipanda kwenye orodha kwa sababu uongo wa upande mmoja tu ndio uliofutwa. Pima rika zima, au chagua kwa kura.

8. Soma majibu ya maabara

Msingi ni huu: katika kila alama, yaani sehemu ya DNA ambayo maabara huisoma, ndama ana nusu mbili, moja ya mama na moja ya baba, na kila nusu huandikwa kwa namba. Mfano wa alama moja:

Ndama: 122 / 128
Mama: 122 / 124
Dume wa 114: 126 / 130
Dume wa 207: 128 / 130

Mama ametoa 122. Basi 128 imetoka kwa baba. Dume wa 114 hana 128, kwa hiyo kwa alama hii hakubaliki. Wa 207 anakubalika. Kukubalika kwa alama moja hakumfanyi kuwa baba, kwa sababu madume wengi wana 128. Maabara hurudia hivyo kwenye alama zote. Za aina ya zamani huanzia 12, za aina mpya hufika mia na zaidi, na orodha zake husimamiwa na ISAG, chama cha kimataifa cha jenetiki ya wanyama, ili majibu ya nchi moja yasomeke nyingine.

Alama moja kupingana kati ya nyingi inaweza kuwa kosa la kusoma. Nyingi zikipingana, huyo si baba. Na dume akikubalika huku kukiwa na dume mwingine ambaye hujampima, bado hujamaliza.

9. Rekebisha bila kufuta

Usifute jina la zamani. Weka safu ya "baba aliyeandikwa" na ya "baba aliyethibitishwa", pamoja na tarehe. Kisha fuata ukoo kwenda chini: ndama huyu ana watoto? Wajukuu? Nasaba zao nazo zinabadilika. Kama uliuza dume mwenye nasaba iliyosahihishwa, mwambie aliyenunua, na umjulishe mtunza kitabu cha ukoo. Anazalisha kwa jina ulilompa wewe.

Ambaye hakuthibitishwa, acha wazi. Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Wanaona safu tupu kama aibu, wanaijaza. Lakini safu tupu humwambia mtaalamu kwamba hatujui, na hesabu inajua la kufanya na asiyejulikana: anawekwa kwenye kundi la wazazi wasiojulikana, taarifa inapungua, basi. Jina la kukisia huchukuliwa kama ukweli na kupewa uzito kamili. Watafiti waliochunguza ng'ombe wa Angeln wa Ujerumani walikuta baba asiye sahihi anapunguza maendeleo ya uzalishaji kuliko baba asiyeandikwa.

10. Rudia tathmini na ulinganishe

Weka thamani za zamani na mpya safu kwa safu. Tazama madume waliobadilika nafasi, kisha uliza ni ndama gani walihamishwa. Kama dume amepanda sana na hakuna ndama wake aliyesahihishwa, tafuta kwa ndugu zake. Huenda baba yake au babu yake ndiye aliyeguswa. Uamuzi wa kuchinja au kubakiza dume ungoje mpaka hapa.

UKIKWAMA

Ndama hakubaliki na dume yeyote niliyempima. Kwanza hakikisha mama ni sahihi. Mama wa uongo humkataa baba wa kweli. Omba maabara wasome ndama na baba bila mama. Bado hakubaliki? Fikiria dume wa jirani, uzio, na wale ndama dume wa mwaka jana ambao hawakutengwa.

Madume wawili wamekubalika. Huenda ni ndugu. Omba alama zaidi za aina mpya. Ikishindikana, andika wote wawili; baadhi ya programu za tathmini hupokea baba zaidi ya mmoja kwa uwezekano.

Maabara inasema sampuli imeshindikana. Nywele zilikuwa bila mizizi, au zimeota ukungu ndani ya nailoni. Vuta nyingine.

Dume alipimwa miaka iliyopita, ndama amepimwa sasa, na maabara hawezi kuwalinganisha. Dume alisomwa kwa alama za aina ya zamani. Tafuta mrija wake au nywele zilizobaki apimwe upya. Vinginevyo ndama apimwe kwa aina ile ya zamani.

Pacha wanaleta majibu ya ajabu. Mapacha wa ng'ombe mara nyingi hushirikiana damu tumboni, kwa hiyo sampuli ya damu hubeba chembe za wote wawili. Tumia nywele.

Ndama wote wa siku moja wamekataliwa. Si rahisi madume wote wakosee siku moja. Angalia mpangilio wa bahasha: mara nyingi zimesogea nafasi moja, wa kwanza kapewa wa pili, wa pili wa tatu. Usisahihishe kwa kudhani; chukua nywele upya za watatu kati yao, uone kama mchoro unathibitika.

Baada ya kusafisha, thamani za madume zimetawanyika zaidi, wa juu wamepanda, wa chini wameshuka. Hilo si kosa. Tofauti iliyokuwa imefichwa na majina yaliyochanganyika imejitokeza. Rudi kwenye mfano wa 114 na 207: kilo 9 zimerudi kuwa 15.

Kundi langu ni dogo, ng'ombe 30 tu. Anza na hatua ya 1, ya 2 na ya 4. Hazihitaji maabara, na msimu ujao wa kuzaa unatosha kuzijaribu. Nywele za dume wako vuta leo, uandike bahasha na uiweke kabatini. Akiuzwa au akifa utakuwa bado unaye.